Mkate wa Ngolo

Mashine yangu ya mkate naiita Sista. Ni nyeupe, inafuata saa yake bila kumsikiliza mtu, na haitaki kufunuliwa ikiwa kazini. Aliniletea binti yangu Lidia alipokuja likizo kutoka Arusha. Aliiweka mezani akaniambia, "Mama, unatia vitu humu, unafunika, unabonyeza hapa, halafu unakwenda kupumzika." Mimi na kupumzika hatujuani. Siku ile ya kwanza nilivuta kigoda nikakaa mbele yake tangu ilipoanza kukanda mpaka ilipolia, nikichungulia kwenye kile kidirisha cha juu. Mtu akikuambia kazi itafanyika bila wewe, mwangalie mikono.

Mkate wa kwanza ulitoka mgumu, ungeweza kuzuilia mlango. Mbinga ni baridi, na hamira haipendi baridi. Kitabu cha maelezo kilikuwa na picha nyingi na lugha nisizozijua, nikakifungia kabatini nikajifundisha mwenyewe. Nikajua kwamba maji yawe ya uvuguvugu, hamira izidi kidogo kile kijiko walichokitoa wenyewe, na baridi ikikaza Sista avikwe blanketi. Ninalo moja la kijivu lenye mistari myekundu. Ninamzungushia wakati donge linaumuka, na anapoanza kuoka ninamvua, maana akioka anakuwa moto kama jiko. Kwa njia hiyo ninapata mkate uliojaa, ganda lake kavu, ndani laini, na chini katundu kadogo tu kanakoachwa na kile kijipanga cha kukandia. Nasema bila aibu, mjini Mbinga sijaonja mkate unaoushinda wangu. Mwamba ngoma huvutia kwake, hilo nalijua, lakini majirani zangu wapo, waulizeni.

Kasoro yake ni moja. Ni mkubwa, na mashine haijui kupika nusu. Tangu marehemu mume wangu Wilfred aondoke na watoto watawanyike, nilikuwa nakula vipande viwili asubuhi, viwili jioni, na unaobaki ukianza kukauka nawagawia majirani, mwisho kuku. Ulikuwa mkate wa nyumba nzima, na nyumba nzima ilikuwa mimi.

Ndipo akaja Hamphrey. Ni mtu wa Lipingo, kule chini ziwani, mjane kama mimi, anayepandisha usipa waliokaushwa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, kuja kuuza soko la Mbinga. Nilikuwa mteja wake wa siku nyingi. Siku moja mvua ilimkuta mlangoni kwangu akiniletea mzigo, nikampa chai na mkate. Alikula vipande vinne amesimama, kofia kaibana kwapani, halafu ndipo akauliza kama anaweza kukaa. Tangu siku hiyo kuku wangu hawajaonja mkate tena.

Namtaka. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu nina miaka hamsini na minne na sina muda wa kuzunguka mbuyu. Ni mpole, ana akili, ana mikono safi, anacheka kabla ya mimi kumaliza mzaha. Habari za dini, yeye Mwanglikana na mimi Mkatoliki, tulikwisha kuzipeleka kwa mapadri wetu wote wawili mapema, kabla watu hawajapata la kusema. Watoto wake waliridhia, wangu walifurahi kupita kiasi, nikashuku wanataka kunitua kama mzigo. Alibaki mtu mmoja tu, dada yake, Violet.

Violet ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Hamphrey akiwa bado anatambaa, na yule dada akaacha shule akambeba mgongoni, kwenye shamba la mihogo, kisimani, kila mahali. "Dada akisema hapana, Ottilia," Hamphrey aliniambia, "mimi sina mdomo." Nilikasirika sana. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni anasubiri ruhusa ya dada yake kama anaomba kwenda kucheza mpira. Baadaye hasira ziliposhuka niliona upande wa pili. Mwanaume anayemheshimu aliyembeba mgongoni hatanidharau mimi nitakayembeba uzeeni. Lakini ilikuwa na maana kwamba maisha yangu yaliyobaki yamewekwa kwenye kinywa cha mwanamke nisiyemjua.

Nilimsikia kwa mara ya kwanza kwenye simu ya Hamphrey, sauti imefunguliwa. "Hao wa milimani nawajua," alikuwa anasema. "Mikono yao ni ya jembe. Jikoni wanajua ugali na maharage, basi."

Nikaichukua simu. "Shikamoo dada. Mimi ndiye Ottilia. Nitakuja kukupikia mkate."

"Marahaba. Mkate upo dukani."

"Ule wa dukani ni godoro lililokatwa vipande, dada."

Hamphrey alikuwa amefumba macho. "Basi njoo," alisema Violet, akakata.

Nilishuka Ijumaa. Nilimpakia Sista kwenye boksi lake, nikafungasha unga wa mikate miwili, hamira, sukari, chumvi yangu mwenyewe, na lile blanketi. Kutoka Mbinga barabara inashuka milima mpaka unahisi hewa inakuwa nzito shingoni, sweta unalivua, halafu kitenge cha mabegani nacho unakivua, na ziwa linatokea chini likiwa limejaza upande mzima. Hamphrey alikuja kunipokea kituoni na pikipiki mbili, moja yangu na moja ya boksi. Akaliona blanketi.

"Hilo la nini? Huku kwetu hata shuka tunalipiga teke."

"La Sista," nikamjibu. Hakuuliza tena. Ana akili, nilishasema.

Violet tulimkuta barazani amekaa na ungo mapajani, anachambua usipa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, kilemba kimefungwa barabara, na macho yake hayaharakishi. Nilipiga goti kidogo nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Karibu, mgeni." Kisha akatazama boksi likishushwa kwenye pikipiki. "Ndiyo hiyo mashine?"

"Ndiyo hiyo, dada."

"Umetoka nayo Mbinga mpaka huku." Akarudi kwenye usipa wake. "Kizuri chajiuza."

Hakumalizia. Alijua kwamba nitamalizia mwenyewe, kibaya chajitembeza, na kweli nilimalizia, kimoyomoyo, masikio yakiwaka.

Kwa neno lile la mgeni alinisulubu siku mbili. Mgeni, kaa hapa kwenye kivuli. Mgeni, acha ndoo hiyo, yupo mtu wa kuibeba. Mgeni haingii jikoni. Alinipikia mbasa mbichi, wale samaki wanono wa ziwa lao, akanijazia sahani, na nilipomwambia sijawahi kula samaki mtamu hivyo, nikimaanisha kila neno, alisema tu, "Kula, mgeni." Mimi mtu wa kufanya kazi nilikaa kitini kama picha. Usiku wa kwanza akanionyesha chumba akasema nitalala vizuri, si kama kule kwetu. "Ule ukungu wa asubuhi mwezi wa saba," akasema, "mtu haoni hata jembe lake mwenyewe mkononi." Nilipaswa kujiuliza ameyajuaje hayo. Sikujiuliza. Macho yangu yalikuwa yanatafuta tundu la umeme la kumchomeka Sista.

Jumamosi jioni Hamphrey alinitembeza ufukweni, ambako usipa walikuwa wametandazwa kwenye vichanja. Akanieleza mambo yalivyo. "Dada anakwenda na misemo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kesho ndiyo ya tatu, na chakula cha mchana ndipo atakaposema. Akikuita wifi, tumemaliza. Akiendelea na mgeni..." Akaacha hapo, akaokota usipa mmoja aliyeanguka akamrudisha kichanjani. Nikamwambia asihangaike, kesho nitapika mkate na dada yake ataula. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeupika mkate ule mara nyingi sana hata mikono ilikuwa haiulizi tena.

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa, kwenye mikono isiyouliza.

Jumapili niliamka mapema. Nikampangia Sista pembeni ya televisheni sebuleni, nikatia maji ya uvuguvugu, mafuta, chumvi, sukari, unga, na juu hamira, nikazidisha kidogo kama kawaida. Nikabonyeza. Akaanza kukanda kwa ile sauti yake ya kunung'unika, nikahisi niko nyumbani. Donge liliposhikana vizuri nikamzungushia blanketi, nikalibana kwa pini ya nywele, tukaenda kanisani kwao wote watatu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba tutarudi kabla hajaanza kuoka, nimvue. Ibada ilikuwa nzuri. Nyimbo nyingine nilizijua, nikaimba kwa sauti yangu yote, na Violet akanitupia jicho mara moja, sikujua la kusifia au la kunyamazisha.

Tuliporudi yeye ndiye aliyetangulia kufungua mlango. Akasimama pale pale kizingitini, akanusa.

"Nani anapika komoni nyumbani kwangu siku ya Bwana?"

Harufu ilikuwa ya pombe kweli. Chachu ilikuwa imejaa sebule nzima. Nikapita ubavuni mwake nikalivua blanketi, nikachungulia kwenye kidirisha. Donge lilikuwa limefika juu kabisa, limebandika uso kwenye kioo linanitazama. Wakati huo ndipo akili ilipofika. Nilikuwa nimeivika mashine blanketi katika nchi ambayo watu wanalala madirisha wazi. Nilikuwa nimetia maji ya uvuguvugu mahali ambapo maji ya mtungini yenyewe ni ya uvuguvugu. Mtu wa milimani ukimshusha ziwani anavua sweta, lakini hofu yake ya baridi haivui.

Sista hasikilizi mtu, kama nilivyosema. Saa yake ilifika, akaanza kuoka. Nikaona lile donge likitetemeka, likahema, halafu katikati likaanza kushuka. Kingo zilibaki zimesimama juu, zimeshika pembeni, na katikati kukazidi kuzama mpaka kukawa na shimo. Hakuna unachoweza kufanya wakati huo. Unga wa mkate wa pili ulikuwepo, lakini muda haukuwepo, chakula Violet alikwisha kukibandika jikoni, ambako mgeni haingii. Nilitaka kulia, na kwa kuwa sijui kulia taratibu, nilikasirika. Nilimkasirikia Lidia aliyeileta mashine, nikamkasirikia marehemu aliyeniacha mpaka nikafika umri wa kupimwa upya kama msichana, nikamkasirikia Hamphrey aliyekuwa amesimama mlangoni akiuliza kama kuna harufu ya kuungua. Haikuwa inaungua. Ilikuwa inaanguka.

Chakula kikaandaliwa. Wali, matembele yaliyochemshwa, na bakuli kubwa la mchuzi wa usipa wenye nyanya, mzito, unanukia. Sista alikuwa amelia zamani. Nikautoa mkate wangu, nikauweka kwenye sinia, nikaubeba mpaka mezani, mgongo umenyooka. Mama yangu alinifundisha kwamba ukianguka mbele ya watu, inuka kana kwamba ulikuwa unaokota kitu.

Violet aliutazama muda mrefu. Akaweka kidole kwenye ukingo, akakifuatisha kuzunguka shimo. Kisha akauinua, akaugeuza, akakiona na kile kitundu cha kijipanga.

"Juu shimo," akasema. "Chini tundu."

Hamphrey alikuwa anausoma wali wake.

"Ndivyo ulivyo, dada," nikasema. Sauti ilitoka imara kuliko nilivyotarajia, ikanipa moyo, nikaendelea. "Huu ni mkate wa ngolo. Kwetu Umatengo tunalima kwenye miteremko mikali, udongo ungekwenda wote na mvua. Kwa hiyo tunachimba ngolo, mashimo yaliyopangwa mlima mzima, na kwenye kingo zake tunapanda maharage, baadaye mahindi. Mvua ikija, maji yanatulia shimoni, udongo haukimbii. Sasa na mkate wa heshima tunaupika hivyo hivyo. Shimo hili ni la mchuzi."

Nilijipenda. Ilikuwa imetoka vizuri mno, nusu yake ya kweli, kwa maana ngolo ndivyo zilivyo, nami nimezichimba tangu nikiwa mtoto kijijini kwetu Maguu. Kwamba mkate wa namna hiyo haujawahi kupikwa Maguu wala popote, hilo nani Lipingo angelijua. Nikanyoosha mkono kuchukua kisu.

"Nani alilaza majani?" akauliza Violet.

Mkono wangu ukasimama. "Majani gani, dada?"

"Ya ngolo." Alikuwa ameurudisha mkate kwenye sinia, mikono ameikunja mezani. "Mwaka ule wa njaa baba alipanda Maguu na usipa wa kubadilisha kwa mahindi. Mahindi yalikuwa hayajatosha, akaniacha kwa mwenyeji wake msimu mzima nisaidie shamba. Nilikuwa msichana. Nimechimba ngolo mpaka viganja vikafanya sugu, na ukungu umetufunika hatuonani. Kwa hiyo mimi nauliza tu. Mwanaume anakata majani, anayalaza mraba mraba. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe, anachimba katikati, anayafukia. Mmoja bila mwenzake hakuna ngolo. Mwanaume akilaza peke yake, ni takataka zimelala mlimani. Mwanamke akichimba peke yake, ni shimo." Akanitazama. "Sasa hili lako, mgeni, ni ngolo au ni shimo?"

Nilimtazama Hamphrey, naye kwa mara ya kwanza aliinua uso wake akanitazama, na niliona hofu ndani yake, na niliona kwamba hofu ile ilikuwa ya kunikosa mimi. Ikanitosha.

"Ni shimo, dada," nikasema. "Nimeivika mashine blanketi."

"Umeivika nini?"

"Blanketi. Kwetu bila blanketi mkate hauumuki."

Violet aliutazama tena mkate. Akaweka kiganja mdomoni. Nikaona mabega yanaanza kutikisika, machozi yakamtoka, akacheka bila sauti mpaka kilemba kile kilichofungwa barabara kikalegea upande mmoja. Hamphrey alimtazama dada yake kama mtu anayeona mvua mwezi wa tisa. Mimi nilikaa nikasubiri. Nilikuwa bado na hasira kidogo, na kicheko cha mtu mwingine hakiniondolei hasira, lakini kilikuwa kicheko kizuri.

"Mdogo wangu ni mwepesi kudanganyika," alisema alipopata pumzi, akijifuta kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa nahofia atampata mwanamke anayejua kudanganya. Wewe hujui hata kidogo." Akakirudisha kilemba mahali pake. "Leo ni siku ya ngapi tangu uje?"

"Ya tatu, dada."

Akachukua upawa kwenye bakuli la mchuzi, akaupangusa ukingoni, akanishikisha mkononi. Hakutaja jembe. Hakuwa na haja ya kulitaja.

Nikauchovya upawa, nikausogeza juu ya mkate. Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuitegemea. "Utavuja," akasema. "Chini kuna tundu, hukumbuki? Majani kwanza." Akageuza kichwa. "Hamphrey, laza majani."

"Mimi?"

"Unamwona mwanaume mwingine mezani hapa?"

Alinyanyuka akanawa mikono, na alinawa muda mrefu kuliko kawaida yake. Aliporudi akalivuta bakuli la matembele, akaokota jani moja moja, akalikamua maji, akalilaza ndani ya lile shimo. Moja hivi, la pili kukatisha juu yake, jingine pembeni. Hajawahi kulima ngolo maishani mwake, lakini mtu anayetandaza usipa kichanjani kila siku anajua kulaza vitu ili visiachiane. Violet alisimamia kazi yote shingo ndefu, na palipobaki wazi akaonyesha kwa kidole bila kusema. Tundu lilipofunikwa kabisa Hamphrey akaondoa mikono, akanitazama. Haikuwa kutazama kwa mtu anayesubiri mchuzi.

Nikachota mchuzi wa usipa, nikaumimina juu ya majani yake. Nikachota tena, mpaka mchuzi ukafika nusu ya kingo, nyanya zinang'aa. Tukainama wote watatu tukaangalia sinia chini. Lilikuwa kavu.

Tukala. Tulianza kumega ukingo, tukachovya katikati, tukarudi tukamega tena. Ganda lilikuwa kavu kama ninavyolitaka, na ndani, pale palipokunywa mchuzi, palikuwa na utamu ambao Sista hajawahi kunipa nyumbani nikila peke yangu na chai. Najisifu, ndiyo, na nitaendelea kujisifu. Hamphrey alikula kama siku ile ya mvua, tofauti ni kwamba safari hii alikuwa amekaa. Violet alimega kipande cha kwanza akakitafuna polepole, akiangalia ukutani. Akamega cha pili. Nikawa namhesabia vipande, kwa maana kupewa upawa ni kitu kimoja, na neno ni kitu kingine, na neno nilikuwa bado sijapewa. Akamega cha tatu, kikubwa, na ukingo wa upande wake ukaisha.

"Wifi," akasema.

Hamphrey alisimamisha tonge njiani.

"Mkate wako hauna chumvi. Ipo jikoni, juu ya kabati, kwenye kopo la majani ya chai. Nenda ukailete. Mimi miguu yangu imechoka na kanisa."

Chumvi ilikuwa imetosha. Niliipima mwenyewe kwa kijiko changu mwenyewe, chumvi niliyotoka nayo Mbinga, na siku nyingine yoyote ningelibisha neno hilo mpaka jua lizame. Niliinuka. Nikaingia jikoni kwa Violet, nikalifikia lile kopo juu ya kabati, nikasimama nalo humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchukua chumvi.